Siku Komamanga Alipotoka Eda

Naanza kwa jina la Mungu, na ninyi mnaonisikiliza niitikieni kwa kunyamaza. Sikusoma sana. Shule niliishia darasa la saba na madrasa nikaachia njiani, kwa hiyo nikiteleza mahali msinicheke, nishikeni mkono tuendelee. Hadithi hii ni ya watu watatu, kila mmoja na kipaji alichopewa na Mola wake, na ya gari moja jekundu la zamani, lililoundwa kwa ajili ya kukimbia.

Kwanza wajueni watu.

Wa kwanza ni Ustadhi Hemedi Kilua, mwalimu wa madrasa pale Mombo, chini ya milima ya Usambara. Kipaji chake ni sikio. Watoto husoma wote kwa pamoja, kelele kama mvua juu ya bati, naye amekaa kwenye mkeka amefumba macho, utadhani kalala. Mmoja akiruka herufi moja tu, Ustadhi hunyoosha kidole bila kufumbua. "Wewe wa dirishani. Rudia." Na huwa ndiye huyo huyo.

Wa pili ni Mwanahawa binti Seif, muuza mafuta. Dukani kwake kuna ya nazi, ya ufuta, ya alizeti, kuna samli, kuna mafuta ya taa, na nyuma ya pazia kuna pipa la oili ya malori. Kipaji chake ni vidole. Mpelekee samli, ataichovya, ataisugua kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, halafu atakuambia imechanganywa na nini. Wapo wanaosema hata majani aliyokula ng'ombe huyajua. Hilo la majani mimi siliapii.

Wa tatu ni Kingazi, dereva wa lori la kabichi na mapeasi, kutoka Lushoto juu mpaka Mombo chini, kwenda na kurudi. Kipaji chake ni mguu. Husemwa kwamba ukimwekea yai chini ya pedali ya mafuta, ataziteremka kona zote za mlima, na jioni utalichukua yai lako ukalikaange.

Hao ndio watatu. Sasa lijueni gari.

Lilikuwa la marehemu Mzee Shekalaghe, fundi saa. Gari la milango miwili, fupi, limelala chini kama paka anayenyemelea, na wekundu wake ni ule wa tunda lililoiva likapasuka, ndiyo maana mwenyewe akaliita Komamanga. Alilipata kwa bwana mmoja wa mashamba ya mkonge aliyekuwa anarudi kwao, miaka hiyo ya zamani. Watu walicheka sana. Fundi saa na gari la mashindano, wapi na wapi? Yeye akawajibu kwamba saa na gari ni kitu kimoja, ni vyuma vinavyogombana na mafuta yanayovisuluhisha. Vipuri vya Komamanga havikupatikana popote. Vingine marehemu alivichonga mwenyewe kwa tupa zake ndogo za saa, amebana lenzi jichoni.

Kila Ijumaa, baada ya sala, alimpakia mkewe Bi Mwantumu, wakapanda mlima. Mombo ni joto la kuoka mkate, Lushoto ni baridi ya kuvaa sweta. Wao walitoka kwenye joto wakaenda kunywa chai kwenye baridi, kisha wakarudi. Njiani hawakuzungumza sana. Lakini kila walipofika kwenye ile kona ya karibu na maporomoko ya Soni, pale ukungu unapoanza, Mzee Shekalaghe alisema neno moja, lile lile, Ijumaa zote za ndoa yao: "Sasa msikilize." Wakanyamaza wakamsikiliza Komamanga.

Na sauti ya Komamanga haikuwa ngurumo. Ilikuwa kama mtu anayesoma peke yake chumba cha pili, mlango umerudishiwa. Husikii maneno, unasikia tu kwamba yupo.

Basi Mzee Shekalaghe akaugua, akafa, Mungu amlaze pema.

Ninyi mliofiwa mnajua: cha kwanza kupotea ni sauti. Uso unabaki kwenye picha, harufu inabaki kwenye kanzu, lakini sauti inatoka polepole kama joto linavyotoka kwenye chungu. Bi Mwantumu alikaa eda ndani ya nyumba yake, na asubuhi moja akataka kumsikia mumewe kichwani akisema "Sasa msikilize." Maneno yakaja. Sauti haikuja. Akajaribu tena baada ya sala, akajaribu tena kabla ya kulala. Maneno matupu, kama yameandikwa ukutani.

Akawaza moyoni mwake kwamba ikiwa ile sauti imebaki popote duniani, basi imebaki pale konani, ndani ya mvumo wa Komamanga. Gari likiwaka na kupanda, yeye atampata mumewe. Na injini ikifa, basi mumewe atakuwa amekufa mara ya pili, na hiyo haina matanga.

Gari lenyewe lilikuwa bandani, kimya. Siku za mwanzo za eda Bi Mwantumu alikuwa amesema, nusu kwa utani na nusu kwa uchungu, kwamba huyu naye ni mjane, akae eda pamoja nami. Akaagiza Komamanga afunikwe shuka jeupe. Habari zilipomfikia Ustadhi Hemedi alicheka mpaka akafuta machozi. Akasema katika vitabu alivyosoma hajaona eda ya gari, lakini pia hajaona aya inayokataza shuka.

Eda ilipokwisha, akaja Shafii kutoka Tanga. Huyu ni mtoto wa kaka yake Bi Mwantumu, kijana mwenye moyo mkubwa na haraka kubwa zaidi. Desturi yetu mnaijua: mjane akitoka eda huoga, huvua vya msiba, huvishwa vipya kutoka kichwani hadi miguuni, akafukizwa udi. Shangazi yake akafanyiwa yote hayo. Kisha Shafii akageukia bandani akasema kama wote wawili walikaa, basi wote wawili watoke.

Wakamvua Komamanga shuka. Wakamwosha kwa maji ya uvuguvugu. Wakamfukiza udi viti vyake. Oili ya zamani wakaimwaga, maana ndiyo nguo ya msiba, wakazipaka nguzo za ua ili mchwa wasizile, kama tunavyofanya sote. Na Shafii akamimina oili mpya aliyoichagua mwenyewe mjini: ya bei kuliko zote, ya magari ya leo, nyembamba, ang'avu kama marashi ya mawaridi. Mtu wa heshima hapewi kiporo, alisema. Wala hakuna aliyempinga, kwa sababu ilikuwa mapenzi matupu.

Hapo barazani, mbele ya watu, Bi Mwantumu akainua ufunguo. Alisema gari hili ni lake, mumewe alimpa akiwa hai na mashahidi wapo. Yeye haendeshi na hana atakayemwachia.

"Atakayenifikisha juu," alisema, "Komamanga akiwa na sauti yake ile ile, ufunguo huu ni wake. Nimesema mbele ya Mungu."

Angalieni neno hilo. Alisema atakayenifikisha. Alikuwa anafikiria mtu mmoja tu, yeyote yule.

Shafii akawasha. Komamanga akakohoa, akatikisika, akawaka. Wanawake wakapiga vigelegele. Bi Mwantumu akaweka kiganja juu ya boneti, macho yake yakajaa.

Ustadhi Hemedi alikuwa amekuja kuomba dua tu. Alisimama pembeni na tasbihi yake, amefumba macho, na katikati ya furaha ile akainua mkono.

"Zimeni."

Shafii akamwambia kwa adabu kwamba hii si Kurani, Ustadhi, hii ni injini.

"Najua," akasema Ustadhi. "Lakini ameruka herufi."

Aliomba bisibisi ndefu. Wakawasha tena kidogo. Akaegesha ncha ya bisibisi juu ya kifuniko cha injini, mpini akauweka sikioni, akainama kama mtu anayesikiliza ukutani. Akahamisha ncha chini. Akakaa hapo. Kisha akasema huku juu vyuma vinaongea vikavu, na chini kabisa yuko mtu anagonga mlango, taratibu, kwa adabu. Mkipanda naye mlima hivi, huyo anayegonga ataingia.

Wakazima. Wakatazama kwenye dashibodi; sindano ya oili ilikuwa imelala chini kabisa. Wakachungulia uvunguni, shuka jeupe lililotandikwa pale lilikuwa limeota madoa, na matone yalikuwa bado yanadondoka. Oili ile ya marashi ilikuwa nyembamba mno kwa mwili wa kizee. Ilipita kwenye sili kongwe, ile mipira ya kuzuia oili, kama maji kwenye ungo, na katikati ya vyuma vilivyokwisha kulika haikukaa, iliteleza ikaenda zake. Wangefika kona ya pili au ya tatu, injini ingenoki, vyuma vikashikana, na kipuri cha kuifufulia hakipo duniani, kwa sababu aliyekuwa akivichonga amelala kaburini.

Basi hilo la kwanza lilifanywa na sikio. Isingekuwa sikio, hadithi ingeishia hapo.

Sasa oili gani? Hakuna aliyejua. Marehemu alikuwa akiinunua mwenyewe kwenye safari zake na kuihamishia kwenye chupa isiyo na jina. Bi Mwantumu alikumbuka kitu kimoja tu, kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimshikia faneli, na kwamba oili ilishuka polepole, ikiwa na rangi ya chai isiyo maziwa.

Shafii, kwa aibu, akataka kwenda kutafuta ya bei zaidi. Kingazi dereva, aliyekuwa ameegemea nguzo ya ua akila peasi, akasema hapana, gari zee ni mtu mzima, litiliwe ile ya lori, nzito, iliyoshiba. Yakaanza mabishano. Mwanahawa, ambaye pipa la oili ya malori ni lake na angeuza hapo hapo, akasema subirini.

Akachovya kidole kwenye oili ya Shafii. "Hii ni ya msichana," akasema. Akachovya kwenye ya lori. "Na hii ni ya tembo. Kwa joto la hapa Mombo itamfaa. Lakini huko juu, akinywa chai yake na baridi ikamwingia, hii itaganda kama uji wa jana. Akiwashwa, mpaka ipande imfikie kichwani, vyuma vimeshatafunana."

"Shemeji, wewe unauza samli," akasema Kingazi. "Mambo ya injini tuachie."

"Nawe unabeba kabichi. Mbona hatujakuomba kachumbari?"

Wakacheka, hata Bi Mwantumu akacheka, na kicheko hicho kilikuwa cha kwanza tangu msiba. Mwanahawa akaomba aonyeshwe kitu chochote kilichoguswa na oili ya marehemu. Wakampeleka kwenye nguzo za ua. Akasugua, akanusa, akatikisa kichwa. Hii imeshafanya kazi ikafa, alisema, na maiti haisemi uzito wake. Akaingia bandani peke yake. Humo mlikuwa na ukimya wa fundi saa: kila kitu mahali pake, kila msumari na kilichotundikwa. Na kwenye msumari mmoja ilining'inia faneli, imevishwa mfuko wa plastiki na kufungwa uzi shingoni, kwa sababu marehemu hakupenda vumbi. Ndani ya shingo ya faneli lilikuwamo tone moja. Halijawahi kuingia injinini. Lilikuwa limemsubiri hapo.

Akalipokea kwa kidole gumba. Watu waliochungulia wanasema alifumba macho akakaa muda, anasugua, anasugua, kama mtu anayehesabu uradi. Akatoka nje, akaweka kidole kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, akasugua tena. Akakipitisha kwenye mvuke wa birika, akasugua tena. Kisha akajitanda ushungi wake akaenda madukani.

Alizunguka Mombo, akapanda basi mpaka Korogwe. Kila duka alifungua makopo, akachovya, akafuta, akashukuru, akaondoka, na wenye maduka wakanung'unika. Mwishowe, kwenye duka moja la vipuri la pembeni, nyuma ya mikanda ya feni, akatoa kopo lenye vumbi, limeandikwa namba mbili, ishirini na hamsini, na maneno kwamba ni kwa injini za zamani. Akachovya. Akatabasamu peke yake, kama mtu aliyekutana na jirani ugenini.

Shafii alipoliona kopo alisikitika. "Hii ya vumbi ndiyo ya Komamanga?"

"Kilemba hupimwa kwa kichwa," alimjibu, "hakipimwi kwa bei."

Wakamwaga marashi, wakamimina hiyo, na Bi Mwantumu mwenyewe akashika faneli. Ilishuka polepole. Rangi ya chai isiyo maziwa. Wakawasha, sindano ikainuka, ikasimama. Matone uvunguni yakapungua, yakakoma. Ustadhi Hemedi akaegesha bisibisi yake juu, akaegesha chini, akasikiliza kwa muda mrefu zaidi ya mara ya kwanza.

"Aliyekuwa anagonga ameondoka," akasema. "Sasa anasoma."

Hilo la pili lilifanywa na vidole. Bila vidole, sikio lingebaki kujua ugonjwa tu, dawa halina.

Ikafika Ijumaa. Baada ya sala, Kingazi, aliyeombwa na Bi Mwantumu kwa kuwa mlima anaujua, akavua viatu akaingia kwenye Komamanga pekupeku, Bi Mwantumu akakaa kushoto kwake, pale pale pa siku zote. Ustadhi na Mwanahawa walikuwa wametangulia na lori jingine la kabichi lililokuwa linarudi juu. Shafii naye alijipakia huko huko. Kingazi aliwasha, lakini hakuondoka. Alikaa na gari likivuma, mikono mapajani, mpaka oili ikapata joto ikajua kazi yake. Watu wa barazani wakamwuliza anangoja nini. Akasema mzee hakurupushwi kitandani.

Wakaondoka. Mkonge ukabaki nyuma, jua likabaki nyuma, barabara ikaanza kujikunja. Kona, na kona nyingine, na bonde chini likizidi kuwa dogo kama nguo inayokunjwa. Hewa ikabadilika harufu, ikaanza kunukia majani ya mvule na udongo wa mvua. Bi Mwantumu akaegemeza kichwa. Alikuwa macho, lakini macho ya aina ile ya mtu aliye kati ya usingizi na swala ya alfajiri. Mara nyingine alimwona Kingazi pembeni yake, mara nyingine aliona mkono mwembamba wenye kovu la tupa umeshika usukani. Hakujikaza kuchagua.

Kabla ya Soni, kwenye mwinuko mkali kuliko yote, wakakuta fuso limekufa katikati ya kona, mawe yamewekwa nyuma ya magurudumu, na magari yanapishana kwa zamu. Foleni ikawa inatambaa. Moto wa injini ukapanda. Sindano ya oili ikaanza kushuka, kidogo kidogo, kama jicho la mtu anayesinzia. Nyuma yao gari moja likapiga honi, dereva wake akatoa kichwa akapiga kelele kwamba hiyo ni ya mashindano, si ukanyage.

Hapa ndipo pa hadithi. Akikanyaga, vyuma vitalia na ile oili nzuri haitatosha. Akisimama, itabidi aanze upya kwenye mlima ule, na kuanza upya ndiko kunakovunja. Kingazi hakukanyaga wala hakusimama. Alirudisha gia ya chini kabisa, akalegeza unyayo wake mtupu mpaka ukawa haukanyagi ila unagusa tu, na Komamanga akapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea usingizini, bila kukata pumzi, bila kuongeza. Honi zikaendelea. Ukungu ukashuka ukafunika honi, ukafunika fuso, ukafunika barabara. Sindano ikasita. Ikaanza kuinuka.

Na wakaifikia ile kona.

Maji ya maporomoko yalikuwa yanasikika mahali fulani ndani ya weupe. Injini ilikuwa inasoma chumba cha pili, mlango umerudishiwa. Bi Mwantumu akashika pumzi. Akasikia karibu na sikio lake la kulia, kwa sauti kavu kidogo, ya mtu aliyekaa siku nzima na lenzi jichoni bila kuongea na mtu: Sasa msikilize.

"Nasikiliza," akasema.

Kingazi akadhani anaambiwa yeye, akaitikia, "Naam, Mama." Wakaendelea kupanda.

Kule Lushoto, Ustadhi na Mwanahawa walikuwa wamesimama kando ya barabara, kila mmoja amejikunyata kwa baridi. Shafii alikuwa anatembea huku na huku akisema wamechelewa, wamekwama, Mungu wangu, wamekwama. Ustadhi akamwambia anyamaze. Kisha, wakati hakuna mwingine aliyesikia kitu isipokuwa upepo kwenye miti, akasema yuko kona ya mwisho, na hajaruka hata moja.

Komamanga akatoka kwenye ukungu, mwekundu, anang'aa kwa matone. Kingazi akaegesha. Bi Mwantumu hakushuka. Alikaa humo na injini ikiwaka, hakuna aliyemharakisha, mpaka mwenyewe akanyoosha mkono akaizungusha swichi. Kimya. Chuma kilichokuwa kinapoa kikawa kinalia tik, tik, kama saa nyingi mezani kwa fundi.

Wakaenda kunywa chai. Walipokwisha kukaa, Shafii, ambaye haraka haijamtoka, akamkumbusha shangazi yake ahadi. Bi Mwantumu akautoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja. Akawatazama watatu. Akasema ahadi aliitoa kwa mtu mmoja, na sasa anawaona watatu. Gari likigawanywa ni vyuma chakavu. Kila mmoja aseme mwenyewe kwa nini apewe, ila aseme na aibu yake pia, maana yeye ni mtu mzima, sifa ameshazisikia.

Ustadhi akaanza. Alisema analitaka. Nyumbani kwake akiondoka mtoto wa mwisho wa madrasa, hubaki ukimya mzito, na Komamanga ndiye msomaji asiyechoka. Kuendesha hajui, atajifunza, na kila Ijumaa ataliwasha. Kisha akainamisha kichwa. "Aibu yangu ni hii, Bi Mkubwa. Kule kugonga nilikusikia tangu sekunde ya kwanza. Nilichelewa kusema. Mlikuwa mnafurahi, nikaona haya kuwa mimi wa kuharibu. Kuchelewa kule kumekula chuma."

Mwanahawa akasema naye analitaka. Maisha yake yote anapima vitu vya watu wengine, huyu kibaba, yule nusu lita. Hajawahi kupewa kitu kizima. Na oili ile ikiisha madukani, nani atajua nyingine iliyo sawa nayo kama si vidole hivi? Akazungusha kikombe chake. "Lakini mkono wangu wa kwanza ulikwenda kwenye pipa langu. Kabla hamjabishana, nilishashika kipimo nikuuzieni. Niliurudisha. Ila ulikwenda."

Kingazi akasema yeye aibu hana. Wakamtazama. Akala kitumbua chake, akanywa chai, akatazama nje. Akasema tangu ujana anaendesha magari yenye wenyewe, na leo ndiyo mara ya kwanza mguu wake umepewa chombo kinacholingana nao. Mwishowe akasema, kwa sauti ndogo isiyomfaa mtu wa lori, "Pale baada ya Soni, barabara ilipolala sawa, nilikanyaga, Mama. Mara moja tu. Sikuhitaji. Nilitaka kumsikia akiimba."

"Nilisikia," akasema Bi Mwantumu. "Hata yeye alikuwa akikanyaga pale."

Akafumba kiganja chake juu ya ufunguo, akageuza uso dirishani, ambako ukungu ulikuwa umefika mpaka kwenye kioo, na Komamanga aliyeegeshwa nje amebaki wekundu tu, bila umbo, kama taa inayoonekana ndotoni. Kila Ijumaa itakayokuja alitaka kuisikia ile sauti ikipita barazani kwake na kumchukua. Hilo tu ndilo alilolitaka, na alijua litategemea kiganja atakachokichagua.

Mimi nimejaribu kuamua nikashindwa. Nikilala nasema ni sikio, kwa sababu bila yeye pasingekuwa na cha kuokoa. Nikiamka nasema ni vidole, kwa sababu kujua ugonjwa si kuuponya. Nikienda kuchota maji nasema ni mguu, kwa sababu dawa bila mwuguzi huua. Na kuna siku, Mungu anisamehe, namwonea huruma Shafii, aliyekosea kwa mapenzi. Asingemvua Komamanga lile shuka, nani kati yao angeitwa?

Ufunguo bado umo kwenye kiganja kilichofumbwa, na chai inapoa. Ninyi mlionisikiliza, wakubwa kwa wadogo, sasa fungueni midomo. Kama ungekuwa wewe Bi Mwantumu, umeahidi mbele ya Mungu, na Ijumaa inakuja: ungefumbua mkono wako kwa nani?